Kati ya Aya ya 18 na Aya ya 22

Mwaka juzi, katika msiba mmoja si mbali na mji wa Bariadi, kijana mhubiri alisimama chini ya turubai, akafungua Biblia yake, akasoma aya moja fupi kutoka sura ya 22 ya kitabu cha Kutoka. Ni aya ya 18, ile inayoagiza kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai. Aliyekuwa ndani ya jeneza alikuwa mtoto wa miaka sita aliyeugua siku nne tu. Mhubiri hakutaja jina la mtu. Hakuwa na haja ya kutaja. Kwenye mikeka ya wanawake alikuwapo bibi mmoja mjane, jirani wa nyumba ile, na macho ya watu yalimwendea yeye kama kuku wanavyouendea mtama uliomwagika.

Nikasimama. Niliomba radhi kwa wafiwa, kisha nikamwomba kijana yule atusomee aya ya 22 ya sura ile ile. Akasita. Nikaisoma mwenyewe. Ndiyo aya inayokataza kumtesa mjane wala yatima. Nikaendelea na aya mbili zinazofuata, ambamo Mungu anaonya kwamba akisikia kilio chao hasira yake itawaka, na wake za watesaji watakuwa wajane pia. Nikafunga kitabu, nikaketi.

Baada ya mazishi kijana alinifuata kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Naona leo umeipinga Biblia mbele za watu." Nilimjibu kwamba nilichokisoma mimi nacho kilikuwa Biblia. Akasema, "Ndiyo, mzee, lakini umelisoma neno moja la Mungu ili uliue neno lingine la Mungu."

Ndugu msomaji, maneno hayo sikuyapuuza. Nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo. Na nilipoyachunguza nikaona kwamba kijana yule alisema kweli. Ndiyo, nililishika neno moja ili nilizuie lingine. Ninachokana ni kwamba nilikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo katika msiba ule. Yeye alinitangulia. Kutoka 22 ina aya 31, naye akachukua moja akaziacha 30. Tofauti yetu ni kwamba mimi ninakiri nimechagua, naye anasema hakuchagua kitu, ni Biblia iliyosema. Ninaandika sura hii kuipinga kauli hiyo, "Biblia imesema," inapotumiwa na mtu anayekwepa kujibu kwa ajili ya alichokichagua.

Sisemi haya kama mtu aliyesimama nje ya nyumba akirusha mawe. Mimi ni mshirika wa kanisa tangu utoto wangu. Tena nina deni. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka 14, na katika kanisa letu dogo la udongo ni mimi niliyesoma Maandiko siku za Jumapili, kwa sababu nilikuwa nasoma Kiswahili bila kukwama. Mimi nilisoma, na mzee mmoja wa kanisa alitafsiri papo hapo kwa Kisukuma, kwa lafudhi yetu ya Ntuzu, ili wazee waelewe. Jumapili moja mhubiri alinionyesha kwa kidole mahali pa kusoma. Kutoka 22:18. Nikasoma kwa sauti ya kujivuna, kama mtoto anayejua kwamba mama yake anamsikia. Yule mzee akatafsiri. Neno "mchawi" likageuka "nogi". Pale pale niliona vichwa vikigeuka upande wa wanawake, kwenye benchi la tatu, alipokaa bibi mmoja mjane aliyekuwa amebatizwa kabla sijazaliwa.

Bibi yule hakuinuka. Alikaa mpaka mwisho, akatoa sadaka yake, akatoka. Jumapili zilizofuata hakuonekana tena. Baada ya mavuno ya mtama, usiku, wakata mapanga walimjia. Mazishi yake tulikuja watu wachache sana, na wengi tulikuja kwa woga, tukaondoka kabla udongo haujakauka.

Siwezi kuthibitisha kwamba aliuawa kwa ajili ya aya ile. Wakata mapanga hawakuwa watu wa kwenda kanisani, na chanzo cha ugomvi kilikuwa kingine. Mwaka uliotangulia, 1974, ilipita Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mji na ua wake wa minyaa, walihamishwa na kupangwa kwenye mistari, mlango kwa mlango na watu wasiowafahamu. Mtoto akiugua, jirani ndiye aliyetazamwa kwanza. Hayo yote nayajua. Lakini najua pia kwamba watu waliomfahamu bibi yule, waliokula ugali wake, wangeweza kumtetea, nao hawakumtetea. Walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Mungu mwenyewe hakumtaka hai. Na sauti waliyoisikia ikisema hivyo ilikuwa yangu.

Basi na tuitazame hoja ya wale wanaoitumia aya hiyo. Nitaanza ndani ya Biblia yao wenyewe.

Kwanza, nawauliza: mlijuaje kwamba ni mchawi? Katika nchi yetu ya Usukuma jibu linajulikana. Mtoto ameugua au ng'ombe wamekufa, mtu amekwenda kwa mganga, nfumu amepasua kuku na kumsoma, au amepiga ramli kwa njia nyingine. Amesema ni mtu wa karibu, mwanamke, mzee, wa upande fulani. Hakutaja jina, mteja ndiye aliyelijazia nyumbani. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 18, aya ya 10 na ya 11. Orodha ile ile inayomkataza mchawi inamkataza na mpiga ramli. Torati imewafunga kamba moja. Itakuwaje basi mtu amvunjie Mungu amri kwa mganga usiku, ili apate jina la mtu wa kumtimizia Mungu amri asubuhi? Mfalme Sauli alifanya hivyo hivyo. Aliwafukuza wenye kuagua katika nchi, kisha akajifunika nguo nyingine akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori, kama inavyosimuliwa katika 1 Samweli 28. Na tazama mwanamke yule alivyomtendea. Alipomwona mfalme amedhoofika kwa njaa na hofu, alichinja ndama wake aliyenona, akaoka mikate, akamlisha. Katika usiku ule mwenye huruma alikuwa yule mwanamke.

Serikali nayo imekwisha kuona mahali damu inapoanzia. Januari 2015 ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Sikumbuki kuzisikia mimbari za kwetu zikiungurumia ramli kama zinavyowaungurumia wachawi.

Pili, mashahidi wako wapi? Kumbukumbu la Torati 17 na 19 zinataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa, na zinaagiza kwamba shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea mwenzake. Isome tena sheria hiyo taratibu. Anayemtaja bibi kuwa mchawi ili afe, kisha ushahidi wake ukawa wa uongo, adhabu ya bibi ni yake. Sijapata kumsikia mhubiri akiisoma aya hiyo msibani.

Tatu, hebu tusome toka aya ya 18 mpaka ya 22 bila kuruka. Aya ya 20 inasema anayetoa sadaka kwa mungu mwingine aangamizwe. Katika familia zetu ni nani asiye na baba, mjomba au babu aliyemwaga pombe chini kwa ajili ya wahenga? Mhubiri yule yule anayesema bibi asiachwe hai, humtembelea baba yake mfanya matambiko, humpigia magoti na kumwamkia, naye hufanya vema. Aya ya 21 inakataza kumwonea mgeni. Aya ya 22 ni ya mjane. Aya ya 25 inakataza kumtoza maskini riba, na wazee wa kanisa ninaowafahamu wamekopesha jirani zao gunia moja la mahindi wakati wa njaa ili walipwe mawili wakati wa mavuno. Kwa hiyo, sura ni moja na mwandiko ni mmoja. Aya moja imeshikwa kwa mikono miwili, nyingine zimeachwa zianguke. Nani aliyechagua? Si Biblia. Biblia ilizileta zote pamoja.

Wako marafiki zangu, watu wenye elimu, ambao huniambia kwamba ninajisumbua bure. Wanasema kosa ni la tafsiri. Neno la Kiebrania lililomo, wanasema, halina maana ya mchawi wa kwetu anayeroga usiku. Na Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki kabla ya Kristo walitumia neno lenye asili ya dawa na sumu. Hoja hii si mpya. Mwingereza Reginald Scot aliiandika mwaka 1584, alipowaona vikongwe wa Uingereza wakisumbuliwa. Nakubali kwamba ina uzito. Hata mimi nilisikia kwa masikio yangu neno moja likizaa neno lingine kanisani. Biblia ya Kiswahili tuliyokuwa tukiisoma, ile ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, ilisema "mchawi". Mzee wetu akasema "nogi". Na neno "nogi" kwa kila aliyekuwamo lilikuwa na sura ya mtu, na benchi lake, na mtaa wake. Neno lililotoka jangwa la Sinai lilifika Ntuzu likakuta nyumba yake imekwisha kujengwa.

Pamoja na hayo sitaki kujificha nyuma ya hoja hiyo. Siko tayari uhai wa bibi utegemee kamusi ya Kiebrania. Je, mtaalamu mwingine akija kesho na kuthibitisha kwamba neno lile lina maana ya mchawi hasa, mchawi wa ungo na fisi, tutampeleka bibi panga? Kama jibu ni hapana, na kwangu ni hapana, basi sababu yetu haikuwa tafsiri. Tulikuwa na sababu nyingine tangu mwanzo, na uaminifu unatutaka tuiseme.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe, yaani mamlaka ya Biblia. Wapinzani wangu husema: ukiikataa aya moja, umezikataa zote. Biblia ni kama kikapu. Chomoa ukindu mmoja, kikapu chote kitafumuka. Hofu hiyo si ya kijinga, na waliokuwa nayo si watu wadogo. John Wesley, mhubiri mkubwa aliyeanzisha Umethodisti, aliandika mwaka 1768 kwamba kuacha kuamini uchawi ni sawa na kuiacha Biblia. Aliyasema hayo kwa masikitiko, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya kuwaua wachawi ilikuwa imefutwa tangu 1736. Basi tazama kilichotokea. Wamethodisti wa Uingereza leo hawamwindi mchawi, na Biblia wanaisoma. Kikapu hakikufumuka.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Wamisionari wa kwanza waliokuja pande zetu walifungua kituo Nassa, kando ya ziwa, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Busega. Walikuwa wa CMS, nao mwaka 1909 wakawaachia Africa Inland Mission. Tangu hapo makanisa ya kiinjili ya Usukumani yamefundisha kwamba mwenye wake wengi habatizwi mpaka awaache, abaki na mmoja. Babu zetu waliuliza swali la haki kabisa: mbona Ibrahimu, mbona Yakobo, mbona Daudi? Wakajibiwa kwamba hayo yalikuwa ya zamani, na kwamba Mungu alikuwa akiwaongoza watu wake hatua kwa hatua. Makanisa hayo hayo yamekataza pombe, na babu zetu wakauliza habari za arusi ya Kana. Wakajibiwa tena. Sura ya 21 ya Kutoka ina sheria za kumiliki mtumwa na za baba kumuuza binti yake, na wamisionari walikuja Afrika wakisema utumwa ni dhambi. Walisema vema. Lakini hawakuitoa kauli hiyo katika Kutoka 21.

Basi kanisa letu limekuwa likizipima aya kwa aya tangu siku lilipozaliwa. Lilipowahusu wake wa wazee, likapima. Lilipohusu mtungi wa pombe, likapima. Je, linapohusu shingo ya mjane mzee, ndipo tunaambiwa kwamba kupima ni kukufuru? Wake watatu wa mzee walitengwa na mume wao, wengine wakiwa na watoto mgongoni, kwa sababu mtu fulani alisema Torati imepita. Bibi anauawa kwa sababu mtu fulani anasema Torati haijapita. Na mara zote mbili aliyelia ni mwanamke.

Mtu ataniuliza: unapima kwa mizani gani? Nami namjibu kwamba mizani niliikuta ndani ya Kitabu, sikuitunga. Katika Mathayo 19 Mafarisayo walimletea Yesu sheria ya Musa kuhusu talaka. Aliwajibu kwamba Musa aliwapa ruhusa ile kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, na kwamba tangu mwanzo haikuwa hivyo. Fikiri uzito wa jibu hilo. Yesu anasema kwamba ndani ya Torati imo sheria iliyoandikwa kwa kipimo cha ugumu wa mioyo ya watu. Katika Yohana 8 waliletwa mbele yake mwanamke na sheria pamoja, na sheria ilikuwa wazi kuliko hii ya mchawi, na mashahidi walikuwapo. Yeye aliwaelekeza mashahidi wajitazame wenyewe, na mwanamke akaenda zake akiwa hai. Kama hilo ni kuipinga Biblia, basi mimi nimejifunza kuipinga kwa Yule ambaye Biblia inamshuhudia.

Hii ndiyo imani yangu, naisema waziwazi ili nisije nikasingiziwa nyingine. Naamini kwamba Mungu amesema na watu kupitia Kitabu hiki. Siamini kwamba kila sentensi ndani yake ina uzito sawa na nyingine. Amri za siku za ukali wa watu zimo, na sauti ya Mungu inayowavuta watoke katika ukali huo imo. Aya ya 18 na aya ya 22 zimekaa pamoja kama ngano na magugu. Msomaji hawezi kukwepa kazi ya kutenganisha. Akisema hatenganishi, ametenganisha tayari, ila amefanya gizani.

Nimeulizwa pia, tena mara nyingi: mzee, kwani wewe huamini kwamba uchawi upo? Mimi ni mtu wa Bariadi. Katika wilaya yetu kuna kijiji cha Gamboshi, kinachotajwa nchi nzima kuwa makao makuu ya wachawi. Ukiwa Dar es Salaam ukasema unatoka Bariadi, mtu atakuuliza kwa mzaha kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Tunacheka, lakini watoto wanaozaliwa Gamboshi wanazaliwa na jina hilo, na hakuna aliyewauliza. Mimi nililelewa nikiambiwa kwamba fisi anayelia karibu na nyumba usiku ana mtu mgongoni. Nikimsikia hata leo, ngozi yangu hukumbuka kabla akili haijajibu. Siwezi kujisifu kwamba nimeshinda hofu.

Lakini hofu si ushahidi. Niliyoyaona kwa macho ni haya. Bibi wa kwetu amepika kwa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha. Miti imekwisha, kwa hiyo anawasha miti ya pamba baada ya msimu, mabua ya mtama, hata kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wa vitu hivyo anaujua aliyewahi kuukalia. Macho yake yanakuwa mekundu. Na macho mekundu ndiyo watu wanayoita alama ya mchawi. Amewapikia wana, wajukuu na wageni, ameharibikiwa macho kwa ajili ya matumbo yao, halafu macho hayo hayo yanakuwa shitaka lake. Tena mara nyingi anakaa peke yake juu ya shamba la marehemu mume wake, na shamba hilo lina watu wanaolitamani. Kati ya 1970 na 1984 waliuawa katika nchi yetu watu zaidi ya 3,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na karibu theluthi mbili yao waliuawa Usukumani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu zaidi ya 700 nchini kwa mwaka 2013 peke yake. Kama hao wote walikuwa na uwezo wa kuua kwa neno na kuruka usiku, imekuwaje hakuna aliyeweza kukwepa panga?

Wakati mauaji hayo yalipozidi, mwaka 1976 serikali iliendesha msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Bariadi wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga; Simiyu ulikuja kuanzishwa mwaka 2012. Katika msako ule baadhi ya watuhumiwa waliteswa na kufa wakiwa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakumtesa mtu kwa mkono wake, lakini aliona kwamba yaliyotendwa chini ya wizara yake yana uzito juu yake. Na huko Marekani, katika mji wa Salem, watu 19 walinyongwa mwaka 1692 kwa kosa la uchawi. Mmoja wa mahakimu wao, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston mwaka 1697, mbele ya washirika wenzake, huku ungamo lake likisomwa kwa sauti, akikiri lawama na aibu kuwa ni yake.

Nawauliza wahubiri wa Simiyu, nami nikiwa mmoja wa wasomaji wenu wa zamani: waziri aliacha kiti, hakimu akasimama kanisani. Ni nani katika sisi aliyewahi kusimama kwa ajili ya aya aliyoisoma? Tunasema, "Mimi nilisoma tu." Na mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi. Nilisoma tu. Nilikuwa mtoto. Nilionyeshwa kwa kidole. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloniruhusu kuendelea kunyamaza nikiwa mzee mwenye mvi.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, nayo si makubwa. Anayetaka kusoma Kutoka 22:18 mbele za watu asiishie hapo, aendelee mpaka aya ya 24 bila kuruka. Pili, msibani, mahali ambapo watu wanatafuta wa kumlaumu, aya ile isisomwe kabisa. Anayewasha kiberiti penye nyasi kavu asije akasema hakujua upepo. Tatu, mhubiri akishasema "Biblia imesema," aongeze na haya: "nami nimechagua kuwasomea hili, na nitajibu." Akishindwa kuyatamka hayo, afunge Kitabu, aketi na wafiwa, anyamaze nao.

Yule kijana wa msibani tunaonana bado. Hatujakubaliana. Mara ya mwisho alinikuta sokoni, akanibebea mfuko mpaka kwenye pikipiki, akaniambia ananiombea nisife katika upotevu. Nilimshukuru, nami sikumfanyia kejeli. Kisha nikamuuliza habari za bibi jirani wa msiba ule. Akasema yupo, na kwamba Jumapili huja kanisani kama kawaida, isipokuwa siku hizi anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nikamwambia, "Basi Jumapili ijayo, kabla hujafungua Biblia, nenda ukamwamkie." Hakunijibu. Pikipiki ikaondoka, nami sijui hadi leo kama alikwenda.